Riwaya nyepesi ya mapenzi ya mji mdogo, na mbwa ndani yake: nimpe mbwa nafasi gani?

Mwandishi wa Usambara:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Ninaandika riwaya ya mapenzi ya siku hizi, nyepesi, ya kumchangamsha msomaji baada ya kazi za kutwa, na mandhari yake ni Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi. Nimeuchagua mji huo kwa sababu ni mdogo kiasi kwamba mgeni akishuka kwenye basi asubuhi, kabla ya adhuhuri kijiwe cha bodaboda kimeshajua amepanga nyumba ya nani. Nimeuchagua pia kwa sababu hali yake yenyewe inaibeba hadithi: barabara inayopanda kutoka Mombo kona baada ya kona hadi Soni na kuendelea juu, ukungu na baridi ya Juni na Julai inayowakusanya watu kando ya jiko la mkaa, soko lenye kabichi, karoti na peasi, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinacholeta vijana kutoka kila mkoa, hata wageni na wenyeji wakakutana kila siku bila mimi kulazimisha.

Mhusika wangu mkuu ni Mwanahawa, ofisa mifugo wa kata, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambaye amehamishiwa Lushoto akitokea Morogoro. Anapanga nyumba ya mzee aliyefariki miezi michache kabla, na barazani anamkuta mbwa jike wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, masikio yamesimama, ambaye amekataa kuondoka tangu siku ya mazishi. Marehemu alimpa mbwa huyo jina la Watajua. Jirani, Bi Saumu, anaamini hadi leo kwamba jina hilo alitungiwa yeye, maana yeye na marehemu waligombea mpaka wa kiwanja kwa miaka mingi, na kila jioni mzee aliposimama uani akaita “Watajua! Watajua!” kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, Bi Saumu alijiona anatukanwa bila kutajwa. Mwana wa Bi Saumu ni Shaibu, fundi seremala, naye ndiye atakayempenda Mwanahawa. Wanaonana kwa mara ya kwanza siku Shaibu anapokuja kurekebisha mlango, na Watajua anamng'ata shavu la mguu.

Yanayonitatiza ni haya. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawaishi na mbwa kwa namna ninayotaka kuionyesha: wapo wanaomwogopa, wapo wanaojiepusha naye kwa sababu za dini, na wengi wanamjua kama mlinzi wa usiku tu. Je, msomaji wa namna hiyo atakubali kufungua moyo wake kwa Watajua, au ataona nimeazima hadithi ya watu wengine nikaivika kanga? Pia nashindwa kuamua kuhusu lile tukio la kung'atwa. Nalipenda kwa kuwa linawakutanisha wawili hao kwa kishindo, lakini nahofia litaitia riwaya uzito usiofaa. Naomba mawazo yenu, hasa ya wale wanaojua mbwa, wanaojua Lushoto, na wanaosoma riwaya za mapenzi kwa mapenzi ya kweli.

Mhariri Mstaafu:

Ndugu Mwandishi, nimeisoma hoja yako kwa furaha, kwa sababu nimehariri miswada mingi ya mapenzi ambayo mwandishi wake hakuwa amejiuliza hata nusu ya hayo.

Nianze na mkataba ulio kati yako na msomaji. Riwaya ya mapenzi ya aina hii ina ahadi mbili tu: kwamba mapenzi ya wawili hao ndiyo mgongo wa kitabu, na kwamba mwisho utakuwa wa furaha na wa matumaini. Kampuni zilizoishi kwa riwaya za aina hii, kama Mills & Boon iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Harlequin iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, zilijipatia wasomaji waaminifu juu ya ahadi hizo, na msomaji wa hadithi za mfululizo katika magazeti yetu naye anazijua bila kufundishwa. Ukimtia mbwa ndani, ahadi ya tatu inajiongeza yenyewe: mbwa asife. Unaweza kumpoteza msituni usiku mmoja, unaweza kumfanya augue, lakini msomaji aliyefungua kitabu chepesi akamzika mbwa katika sura ya 20 hatakusamehe, na sababu yake ni ya haki, kwa kuwa hakuja kutafuta kilio.

Kuhusu nafasi ya mbwa, kipimo changu ni kimoja. Chukua kila sura anamotokea Watajua, umwondoe, kisha uangalie kama jambo lolote kati ya Mwanahawa na Shaibu limebadilika. Kama halikubadilika, mbwa huyo ni pambo, na msomaji asiyependa mbwa atachoka mapema. Kama limebadilika, yaani kama bila Watajua wasingekutana, wasingegombana au wasingepatana, basi hata msomaji anayeogopa mbwa atamfuata, kwa sababu anafuata mapenzi, na mapenzi yanapita njia ya mbwa. Jina ulilompa limekwisha kukufanyia nusu ya kazi hiyo. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja ambao mmoja wa wagombanaji amekufa, na aliyebaki anaendelea kuusikia katika jina la mbwa kila jioni, ni kichekesho cha mji mdogo kwelikweli, na hakikuazimwa popote. Tafadhali usikieleze sana. Mwache Mwanahawa, ambaye hajui lolote, asimame uani siku ya pili ya kufika kwake na kuita jina hilo kwa nguvu zote, kisha tuone dirisha la jirani likifungwa.

Umakini wako mkubwa uwe katika maisha ya kila siku ya mbwa huyo. Mbwa wa kwetu hulala nje, hula ugali na dagaa au makombo ya jana, mchana hufungiwa bandani au huzurura, na usiku ndipo kazi yake huanza. Ukimweka Watajua kwenye kochi sebuleni tangu sura ya kwanza, msomaji wa Korogwe atafunga kitabu. Anza naye barazani. Akija kuvuka kizingiti, iwe ni sura nzima yenye sababu yake, labda usiku wa mvua na radi, na Mwanahawa mwenyewe ashangae kwamba amemfungulia.

Tukio la kung'atwa ningeliondoa. Nchini mwetu kung'atwa na mbwa kunamaanisha kichaa cha mbwa, na kichaa cha mbwa ni kifo. Huwezi kumwomba msomaji acheke hali anahesabu siku za kijana wa watu. Mwache Watajua aibe kitu: kiatu cha Shaibu, au samaki wa Bi Saumu aliyeanikwa. Wizi hukutanisha watu vizuri tu.

Daktari wa Mifugo, Kilosa:

Namheshimu sana Mzee Mhariri, na katika mengi aliyoyasema nakubaliana naye, lakini katika la kung'atwa naomba nimpinge kwa hoja za kazi yangu, kwa sababu naona ndimo ilimo riwaya yenyewe.

Mtu aking'atwa na mbwa, jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila haraka, kisha kwenda hospitali. Hapo chanjo huanzishwa, na hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na kwa utaratibu mwingine huendelea hadi siku ya 14 au zaidi. Mbwa naye, akiwa anajulikana na anaonekana mzima, hauawi. Anafungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10: anakula, anakunywa, sauti yake haijabadilika, hatoi mate kupita kiasi, miguu haimlegei. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata ataugua au kufa ndani ya muda huo. Akizimaliza siku 10 akiwa mzima, aliyeng'atwa yuko salama na daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki.

Sasa Ndugu Mwandishi, tazama umepewa nini. Una mwanamume ambaye amani yake imefungwa kwenye afya ya mbwa mmoja, na una mwanamke ambaye kazi yake ni kumwangalia mbwa huyo kila siku na kutoa taarifa. Hakuna kijana atakayesubiri kuletewa taarifa nyumbani. Atakwenda mwenyewe, asubuhi na jioni, kuuliza kama Watajua amekula. Siku ya kwanza atasimama barabarani aulize kwa mbali. Siku ya nne atakuwa amekalia kigoda. Siku ya saba ataleta dagaa. Na siku ya 11, ambapo hana tena sababu yoyote ya kuja, ndipo msomaji atakapotaka kujua atakuja na kisingizio gani. Hofu iliyopo ni ya kweli, lakini ina mpaka unaojulikana na dawa inayojulikana, na uzito wa namna hiyo riwaya nyepesi inaumudu.

Ninalokuomba ni usiipunguze hatari yenyewe. Ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, tiba karibu hakuna. Kwa hiyo usimwandike mhusika akipaka majivu au mafuta ya taa kwenye jeraha akapona, hata kwa mzaha, maana msomaji mmoja akiiga umemponza. Mwandike jirani akileta majivu, na Mwanahawa akimshika Shaibu mguu chini ya bomba akihesabu dakika kwa saa yake ya mkononi. Dakika 15 ni ndefu sana kwa watu wawili ambao hawajajuana majina. Utakuwa na mazungumzo yote unayoyahitaji.

Kutatokea pia watu watakaotaka mbwa apigwe mawe siku hiyohiyo. Hutokea hivyo kila mahali, nami nimewakuta wamekwisha maliza. Mbwa akiuawa, nafasi ya kumwangalia inapotea, na aliyeng'atwa hubaki bila kujua. Mwanahawa atapaswa kusimama mlangoni kwake, mgeni katika mji, mbele ya watu wazima waliomzidi umri, na kuwaeleza hayo kwa adabu. Hapo msomaji atampenda, na Shaibu naye atampenda.

Jambo la pili ni kalenda, nami nakupa yangu uitumie upendavyo. Uhamisho wa watumishi wengi huja Julai, mwaka wa fedha unapoanza, nao ndio wakati wa ukungu wako. Tuseme Watajua amepandwa katikati ya Julai bila mtu kujua, na amemng'ata Shaibu mwishoni mwa mwezi. Siku 10 zinaisha mapema Agosti. Katikati ya Agosti, mimba ikikaribia mwezi, Mwanahawa anaweza kuzigusa kwa vidole, ndani ya tumbo, zile duara ndogo zilizojipanga, na hapo ndipo Shaibu anapata sababu mpya ya kuja. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kwa hiyo anazaa katikati ya Septemba. Watoto huzaliwa hawaoni wala hawasikii, na macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, yaani karibu na tarehe 28 Septemba. Tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kumbukumbu ya siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ambaye chanjo yake ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885, na halmashauri nyingi huchanja mbwa siku hizo. Watoto wanaachishwa wakiwa na wiki nane, karibu katikati ya Novemba, nao ndio wakati wa kuwagawa kwa wenyeji wapya. Mtaa mzima utaingia katika hadithi kwa mlango huo.

Siku ya chanjo usiipite kwa mstari mmoja. Watu huanza kufika ofisi ya kata kabla ya saa mbili, mbwa wamefungwa kwa kamba za katani, kwa mipira ya baiskeli, kwa vitenge vilivyochakaa, na mtoto mmoja atakuja amemkumbatia mbwa mwenye uzito karibu sawa na wake. Mbwa hao hawajawahi kukutana. Mmoja anaanza, na ndani ya dakika moja kamba zote zimesokotana, watu wasiosalimiana kwa miaka wamefungwa pamoja magotini, na mbuzi wa mwenye genge amekimbilia ndani ya ofisi. Chanjo ziko katika kisanduku chenye barafu, mezani pana daftari na kadi, na kila mbwa anaandikwa: jina la mwenyewe, jina la mbwa, jinsia, rangi, tarehe. Mwandishi anayehitaji kukusanya wahusika wake wote mahali pamoja hatapata siku bora kuliko hiyo. Na lengo lake si dogo, maana mji ukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa, na dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa.

Msomaji wa Soni:

Naongeza dogo tu. Mbwa anayeangaliwa anahitaji banda lenye mlango unaofungika, na nyumba ya marehemu haionekani kuwa nalo. Shaibu ni seremala. Alijenge yeye, kwa mabaki ya mbao za karakana yake, mguu ukiwa umefungwa bandeji, na Bi Saumu akimtazama kutoka upande wa pili wa ua akishindwa kuamini kwamba mwanawe anampigia misumari mbwa yule yule. Nimeishi huku milimani maisha yangu yote na najua kwamba jambo hilo lingezungumzwa sokoni hadi Pasaka.

Mama wa Chumbageni:

Assalaam alaykum, wanangu.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, msomaji wa siku nyingi, na nimeona hakuna aliyeligusa swali la dini ingawa mwenye hoja ameliuliza wazi. Kwa kuwa Mwanahawa, Shaibu na Bi Saumu wote kwa majina yao ni Waislamu, msomaji wa pwani atalitazama jambo hilo kabla ya mengine yote.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini kumgusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakuhamishi najisi, na kumfuga kwa ajili ya ulinzi, mifugo au kuwinda kumeruhusiwa. Kwa hiyo Mwanahawa anaweza kuwa Muislamu mwema na ofisa mifugo hodari kwa pamoja, kama walivyo wengi waliosomea kazi hiyo. Muonyeshe tu jinsi anavyoishi nayo: awe na nguo za kazi anazozivua kibandani, awe na ndoo na udongo safi karibu na bomba, awe na glavu. Usiandike mahubiri. Mistari miwili mitatu ya vitendo, na msomaji atajua kwamba mwandishi anawaheshimu anaowaandika. Nasi tumelelewa na kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Tumesoma pia juu ya mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Ukikwepa kumgusa mbwa kwa sababu ya twahara, huruma yako kwake haipungui, na ukiliweka hilo katika moyo wa Bi Saumu utakuwa umepata mhusika mzima.

Na Bi Saumu ndiye aliyenivutia kuliko wote. Nyote mmemweka upande wa ugomvi, lakini mtu anayegombana na jirani kwa miaka mingi anamjua jirani huyo kuliko ndugu zake. Anajua saa anayoamka. Anajua akikohoa. Mzee yule alipougua akashindwa kutoka, nani alimwona mbwa wake ana njaa? Daktari ametaja kadi ya chanjo, nami nikapata fikra. Baada ya Shaibu kung'atwa, kila mtu atataka kujua kama Watajua alichanjwa mwaka uliotangulia, na kadi haionekani katika vitu vya marehemu. Mwanahawa atapekua madaftari ya ofisi, kisha siku moja, baada ya siku 10 kwisha na wawili hao wamekwisha kuzoeana, kadi ionekane. Iwe kwa Bi Saumu, ndani ya bahasha ya vyeti vyake, na palipoandikwa jina la mwenye mbwa pawe na jina lake yeye. Mzee alikuwa kitandani, mama yule akamfunga mbwa kamba ndefu ili asimguse, akatembea naye mpaka ofisi ya kata mbele ya macho ya mji, na alipoulizwa mbwa ni wa nani hakuweza kulitamka jina la mtu ambaye hasemi naye, akasema ni wangu.

Kwa nini aliificha hata mwanawe alipong'atwa? Hapo mwandishi uwe mwangalifu, kwa sababu mama hamfichi mwanawe jambo la uhai. Nashauri kwamba kwa daktari aliitaja chanjo hiyo siku ileile, kwa siri, na daktari akasema matibabu na uangalizi viendelee vilevile. Alichokificha kwa mtaa ni kwamba alimhurumia adui yake. Hilo ndilo linaloweza kuwatenganisha vijana kwa muda, kwani Mwanahawa atahisi alidanganywa na nyumba nzima, tena kwa jambo la kazi yake, na ndilo litakalowapatanisha akishaelewa. Mimi ningeisoma sura hiyo mara mbili.

Kuhusu mwisho, usituletee pete na mtu aliyepiga goti uwanjani. Tuletee mshenga na barua ya posa, na mshenga huyo awe amechukua mtoto mmoja wa Watajua mwezi uliopita, kwa hiyo barua ifike na ncha iliyotafunwa. Wazee waisome hivyohivyo.

Mhariri Mstaafu:

Hoja ya siku 10 imenishinda, nami naikubali mbele ya wote, kwa sharti kwamba jeraha liwe dogo na safari ya hospitali ianze kabla sura haijakwisha. Ya kadi naiona ni bora zaidi. Ndugu Mwandishi, kadi hiyo usiiweke kuwa mshangao wa mwisho. Iweke karibu na theluthi mbili ya kitabu, ili theluthi iliyobaki iwe ya Bi Saumu kujifunza kuishi katika mtaa unaojua kwamba ana huruma.

Mwandishi wa Usambara:

Nawashukuru wote kwa dhati. Mama wa Chumbageni, shikamoo, na ahsante kwa kumwona Bi Saumu nisiyemwona.

Nimeamua kung'atwa kubaki, na riwaya itafuata kalenda ya Daktari kuanzia Julai hadi katikati ya Novemba, na sura ya mwisho itakuwa Desemba, watoto wa Watajua wanapofikisha miezi mitatu na kupelekwa kwa chanjo yao ya kwanza ya kichaa. Banda la Shaibu nitalijenga kama alivyoshauri ndugu wa Soni. Mlango ambao Shaibu alikuja kuurekebisha siku ya kwanza nitauacha mbovu kwa muda mrefu, kwa kuwa nimetambua kwamba fundi aliyeng'atwa hakumaliza kazi, na kila anapotaka kuumaliza patatokea jambo.

Bado nina swali moja kwa Daktari. Siku Mwanahawa anapofika na kumkuta mbwa barazani, asiyejua historia yake, je, kwa utaratibu wa kazi asingemchanja mara moja? Nisingependa mhusika aliyesomea kazi aonekane mzembe.

Daktari wa Mifugo, Kilosa:

Angemchanja, kama chanjo ingekuwepo. Ofisini kwake hapo mwanzo wa mwaka wa fedha huenda hakuna hata chupa moja, na aliyoiagiza iko njiani. Mwandike siku ya pili akijaza fomu ya kuomba chanjo, kabla ya kuhamisha hata sanduku lake ndani, na umeiondoa lawama yote. Chanjo zenyewe zifike Lushoto na basi la jioni siku Shaibu anapong'atwa, saa chache baada ya tukio, na dereva amwite Mwanahawa kwa jina mbele ya stendi nzima.